Bwana Futa

Kuna watu huitwa Simba, kuna wanaoitwa Msumari kwa wembamba wao, na wapo wanaoitwa Bosi ilhali hata kiti cha kukalia hawana. Fundi wetu aliitwa Bwana Futa, na hakulipenda jina hilo hata siku moja. Lakini akutukanaye hakuchagulii tusi. Miaka thelathini na miwili mtaa mzima ulimwita hivyo, mpaka watoto wa jirani wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Jina lilitokana na neno moja tu lililoandikwa kwa penseli juu ya boksi la tepu. Enzi hizo alikuwa kijana, fundi mitambo kwenye kituo cha redio, kazi yake kurekodi na kuzitunza zile mashine kubwa za rili mbili, moja inaachia utepe na nyingine inaupokea. Siku moja mkubwa wake, Mzee Waya, aliyemfundisha kazi tangu hajui kushika bisibisi, alimwachia boksi mezani. Lilikuwa na namba, na chini ya namba neno FUTA. Hakwenda kuitazama namba daftarini. Akafuta. Kazi yenyewe haihitaji kusikiliza. Unaupitisha utepe kwenye kichwa cha kufutia mwanzo hadi mwisho, na kilichokuwemo kimekwenda na maji.

Wiki iliyofuata akafariki mwimbaji mmoja wa harusini, mwanamke aliyeitwa Chiriku kwa jinsi alivyojua kuimba. Alikuwa amerekodiwa mara moja tu maishani mwake, na aliyemrekodi ni fundi huyo huyo. Wanawe wakaja kituoni kuiomba tepu ya mama yao. Daftari likafunuliwa, boksi lenye namba hiyo likaletwa, tepu ikapigwa, ukatoka upepo mtupu. Mzee Waya akaulizwa kuhusu mwandiko wake. Akajibu huku akiangalia viatu vyake, "Mimi nilimaanisha afute vumbi."

Afute vumbi! Lugha yetu nayo ina visa, jamani. Mwambie mtu afute meza, meza itabaki pale pale. Mwambie afute tepu, umekwisha.

Kufukuzwa kazi angekumeza. Kilichomkwama kooni ni kwamba marehemu Chiriku alikuwa mama wa mchumba wake. Kaka mkubwa wa mchumba alisimama siku ya kumaliza msiba, uwanja umejaa watu, akasema, "Mama yetu amekufa mara mbili. Mara ya kwanza kwa maradhi, mara ya pili kwa mkono wa huyu." Binti akakubali kuolewa naye hivyo hivyo, jambo lililowaduwaza wote, na fundi akalipokea kama fadhila kubwa kuliko anayostahili mtu. Kaka watatu wa mkewe hawakuwahi kunywa hata maji nyumbani kwake. Na mke mwenyewe, Mama Pacha, mwanamke asiye na neno na mtu, wakigombana alikuwa na fimbo moja tu, lakini ya chuma: "Wewe si ndiye uliyemfuta mama yangu?" Hapo fundi hunywea, akaenda zake kwenye chumba cha mbele alichokifanya karakana, akajishughulisha na redio za watu.

Basi asubuhi moja teksi ikasimama mlangoni, akashuka mjane wa Mzee Waya. Mzee alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na fundi hakwenda kumzika. Nyuma ya mjane akaja dereva anahema, kakumbatia mashine ya tepu ya mtindo wa zamani, ya chuma na mbao.

"Mzigo wako huu, mwanangu," mjane akasema. "Mzee aliniusia nikuletee wewe, si mwingine. Nilipomuuliza kwa nini, akageukia ukutani."

"Mimi na yeye hatukuwa na urithi wa kugawana, mama."

"Sasa utagombana na maiti? Pokea, mgongo wa kijana wa watu utakatika."

Akapokea. Juu ya mashine palikuwa na boksi bapa la kadibodi, limefungwa kwa uzi. Fundi akauliza hilo nalo la nini.

"Hilo nimeishi nalo kama mke mwenza," mjane akajibu. "Hakulifungua hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kulipangusa tu. Na ukisikia kilichomo ndani, usiniambie. Umri wangu hautaki mapya."

Teksi ilipoondoka, fundi akaligeuza boksi. Mwandiko ule angeutambua hata gizani. Limeandikwa USIFUTE.

Ala! Damu ikampanda mpaka masikioni. "Mzee huyu hata kaburini ananitania!" akasema kwa sauti, akalitupia boksi kwenye kiti, akazunguka meza mara mbili, akarudi.

Hasira yake ilikuwa na dawa moja tu, nayo ni kazi. Akaifungua mashine tumbo. Mkanda wa mpira ulikuwa umelegea, akauvua na kuvisha mwingine. Roli ndogo inayoubana utepe ilikuwa imekakamaa, akaisugua kwa msasa laini mpaka ikashika. Akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, moja tu, maana la pili hulowesha mkanda na kazi yote inakuwa bure. Akachovya pamba kwenye spiriti akavisafisha vichwa, yaani vile vidude vya chuma vinavyousoma utepe, na pamba ikatoka na uchafu wa kahawia. Kisha akavipitishia kifaa cha kuondoa sumaku, polepole, akikisogeza mbali kwa subira ya mtu anayetoka chumba alicholala mtoto. Ukikinyanyua kwa pupa unaacha sumaku zaidi ya uliyoikuta. Hayo yote alifundishwa na Mzee Waya, na kila alipolikumbuka hilo alisonya.

Mwisho akaweka tepu yake ya majaribio, ile yenye mluzi mmoja mrefu usiobadilika, akakaza na kulegeza skrubu ndogo ya pembeni ya kichwa mpaka mshale ukasimama pale unapotakiwa. Kichwa kimesimama wima. Mashine nzima, mtu angedhani imetoka dukani.

"Haya," akasema, "tusikie matusi yako."

Akaipandisha tepu ya boksi. Ikatoa sauti nzito, ya mtu anayesema amejifunika blanketi gubigubi. Neno halishikiki. Fundi akasonya tena, lakini sasa udadisi umemwingia, maana ugonjwa huo aliujua. Tepu iliyorekodiwa na kichwa kilichoinama haitaki kusomwa na kichwa kilichosimama wima. Inadai kiiname vile vile, upande ule ule. Akaifuata kwa bisibisi. Kulia kidogo, ikazidi kufifia. Akarudi kushoto, blanketi likaanza kutoka. Kushoto tena. Ilipofika robo ya mzunguko, sauti ikafunguka yote, safi, naye akaiacha bisibisi pale pale.

Robo kushoto. Maisha yake yote alijua mashine moja tu iliyoinama kiasi hicho: namba mbili ya kituo cha redio, ile iliyokataliwa na mafundi wote ikabaki yake peke yake.

Akaurudisha utepe mwanzo. Akabonyeza kitufe.

"Mashine namba mbili," spika ikasema. "Jaribio la sauti. Moja, mbili, tatu. Mama, sogea kidogo kwenye maikrofoni."

Ilikuwa sauti yake. Sauti yake ya ujana, nyembamba, yenye kujidai. Fundi akaketi sakafuni. Na kabla hajavuta pumzi, mwanamke akaanza kuimba.

Chiriku hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na sauti iliyopasuka kidogo pembeni, na hiyo ndiyo iliyowaliza watu harusini. Alimwimbia bibi harusi anayeondoka kwao, akipiga makofi yeye mwenyewe, na chini ya makofi unasikia bangili zake zinagongana. Haikufutwa! Fundi alilitamka neno hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Haikufutwa. Hakumfuta mtu yeyote. Alifuta tepu nyingine, tupu, iliyotiwa kwenye boksi lenye namba ya Chiriku ili mkono wake uonekane ndio ulioua.

"Mama Pacha!" akapiga kelele. "Mama Pacha, njoo! Acha kila kitu uje!"

Mkewe alikuwa uani anaanika nguo. Alikuja mbio, shati limelowa mkononi, akidhani umeme umempiga. Alipofika kizingitini akaisikia ile sauti. Shati likamwanguka. Akashika mwimo wa mlango, midomo wazi, machozi yanamshuka bila yeye kuyajali, na fundi akiwa pale pale sakafuni naye analia na kucheka, anamwonyesha mashine kama mtu anayemtambulisha mgeni.

"Mama yako! Sikumfuta! Unamsikia? Sikumfuta!"

Wimbo ukaisha. Kwenye tepu kiti kikaburutwa, sauti ya ujana ikasema inatoka mara moja kunywa maji, mlango ukafungwa. Hapo uso wa Mama Pacha ukabadilika.

"Zima," akasema.

"Nizime? Kuna nyimbo nyingine, nakumbuka zilikuwa nne!"

"Baba Pacha, nakuomba, zima sasa hivi!"

Akarukia waya, lakini fundi alikuwa kati yake na ukuta, na kwa mshangao hakusogea. Spika ikaendelea.

"Kafunga mlango?" Chiriku akauliza kwa sauti ya chini. "Sogea, mwanangu. Unaolewa mwezi ujao, nami sidhani kama nitaufikia. Lijue hili kutoka kinywani mwangu. Yule unayemwita baba amekulea na hajakubagua, lakini hakukuzaa. Kaka zako ni wake. Wewe nilirudi nawe tumboni, mwaka ule tulipoachana kwa muda."

Kisha msichana, karibu sana na maikrofoni, kwa hofu: "Mama! Mama, kile kitu kinazunguka!"

Miguu ikakimbia huku na huko. Mlango ukafunguliwa. "Samahanini," ikasema ile sauti ya kijana, changamfu, "nilisahau kuzima. Haya, tuendelee?"

"Tuendelee," Chiriku akajibu, na akaanza kuimba.

Fundi akanyoosha mkono, akazima. Chumba kizima kikabaki na harufu ya spiriti. Alimtazama mkewe, akamtazama tena.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Sikujua kama bado ipo. Naapa. Nilimwomba aifute."

"Ulimwomba nani?"

"Mzee Waya. Jioni ile ile." Mama Pacha alikuwa ameteleza chini na mlango mpaka akachuchumaa. "Wewe ulisema ukipata nafasi utaisikiliza yote, uikague. Nilimpigia magoti. Nikamwambia mama kamtukana mtu mkubwa humo ndani, nikamwapisha asiisikilize. Akasema yataisha. Mambo ya boksi na FUTA sikuyajua mpaka siku umefukuzwa."

Basi kumbe ndivyo. Mzee Waya alishindwa kuua sauti, maana mtu wa tepu hawezi, akashindwa pia kusimama akasema ameificha. Akatafuta mkono wa mtu mwingine. Woga wa mtu mmoja unaweza kula maisha ya wengine wangapi! Lakini Mzee Waya amekufa, huwezi kumshika shati. Aliye hai alikuwa hapa mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Na ulipojua nimefukuzwa, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wangeuliza nani kaamuru, na kwa nini. Baba alikuwa hai. Kaka zangu wangeniona mwana wa kuokotwa. Na wewe ungeniacha."

"Mimi nikuache?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja, Baba Pacha! Nilikuwa bado sijakujua!"

"Haya. Na ile ya 'wewe si ndiye uliyemfuta mama yangu,' nayo ni ya miaka ishirini na moja? Juzi tu umenitandika nayo, tena kwa sababu ya chumvi! Chumvi, Mama Pacha!"

Mama Pacha akauficha uso kwa viganja vyake vilivyolowa. "Niliisema mara nyingi mpaka nikaiamini," akasema. "Wallahi niliiamini."

Fundi akainuka kwa kushika meza. Hasira ilikuja, ikapanda, halafu katikati ya kupanda ikakutana na wazo, na wazo hilo likamtisha kuliko yote aliyoyasikia asubuhi ile. Akaurudisha utepe kidogo, akasikiliza, akatia alama kwa penseli. Akaupeleka mbele, akatia alama nyingine. Akauvuta ule utepe katikati ya alama mbili, akaupima kwa mikono kama mshonaji.

"Mita nane," akasema. "Hazifiki tisa."

"Mita nane za nini?"

"Za maneno yako. Wembe mmoja na kipande cha gundi. Dakika mbili. Ningekata hapa na hapa, nikaunga, mama yako angebaki anaimba nyimbo zake zote nne, na siri yako ungeitia mfukoni ukaondoka nayo."

Mama Pacha akaondoa mikono usoni. "Inakatika?"

"Tepu? Tunakata kila siku! Ndiyo kazi yenyewe! Mtu akikohoa tunamkata!"

"Sikujua," akasema. Akarudia kwa sauti ndogo zaidi, "Sikujua kama inakatika." Na hapo ndipo alipolia kwa kelele, kilio cha msibani hasa, cha mtu aliyeletewa habari leo. Fundi hakumsogelea. Alitaka, na hakuweza.

Baada ya muda akafungua droo, akatoa wembe mpya, akaulaza utepe kwenye kibao cha kukatia.

"Nikate sasa?" akauliza. Sauti ilikuwa kavu lakini haikuwa na ukali tena. "Kaka zako waje wasikie nyimbo tu. Jina langu litasafika, lako halitachafuka. Sema."

Mama Pacha alimtazama mumewe, mvi zake, miwani yake iliyofungwa kwa waya, wembe mkononi ukimsubiri yeye aamue. Mtu huyu amefutiwa kila kitu, na bado anauliza lipi litamsitiri mkewe!

"Usikate," akasema. "Nipe simu."

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri miaka thelathini na miwili, na ona nilipofika. Nipe simu."

Akampigia kaka yake mkubwa, akaiweka simu mezani, sauti nje. Kaka akaitika kwa haraka zake za kawaida, kuna nini, nani mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa, kaka. Tepu ya mama ipo. Haikufutwa. Mume wangu hakufuta kitu, alisingiziwa, na mimi nikanyamaza. Mimi ndiye niliyeomba ifutwe, kwa sababu mama anasema humo kwamba mimi si, kwamba baba si..."

"Si wa damu yake," kaka akamalizia.

Mama Pacha akamwangalia fundi, fundi akaiangalia simu.

"Tunajua," kaka akasema, na haraka yake yote ilikuwa imemwisha. "Baba alituambia alipougua. Akatuapiza sote watatu. Alisema atakayemwambia binti yangu kwamba si binti yangu, huyo ndiye si mwanangu. Ndiyo maana tukanyamaza. Tulidhani wewe hujui."

Kwa hiyo mke aliwaficha kaka, kaka wakamficha dada, na ukuta uliokuwa katikati, uliopigwa mawe kutoka pande zote mbili, alikuwa mwanamume mmoja ambaye hakujua lolote.

"Huyo bwana yuko hapo?" kaka akauliza.

"Nipo," fundi akasema.

Kaka akakohoa. "Nilikutangaza mbele ya watu."

"Ulinitangaza."

"Walikuwa wengi siku ile?"

"Uwanja ulijaa."

"Wengi wao wamekufa," kaka akasema.

"Wengi, ndiyo."

"Sasa nitakwenda kumwambia nani?"

Fundi akaisogelea simu. Aliuweka wembe chini, taratibu, mbali na utepe.

"Njooni kwanza msikilize," akasema, akauondoa utepe kwenye kibao cha kukatia.